Tegemezi Arobaini

Kama hujakaa kwa benchi ya Mama Jabana, wewe Kakuma umepita tu, hujafika. Benchi yenyewe ni mlango wa nyuma wa lori, umelazwa juu ya mawe manne kando ya ukuta wa dispensari, na umekaliwa miaka mingi mpaka umekuwa laini kushinda godoro ya hoteli. Siku hiyo, saa nane mchana, jua lilikuwa limeamka na hasira. Yai lilikuwa linaiva likiwa bado ndani ya kuku, na mbuzi wamepanga laini kugombania kivuli cha nguzo moja. Mama Jabana, aliyepewa jina la birika lake la kahawa lakini kwao aliitwa Nyachuol, alikuwa anatikisa kikaango cha kahawa mbichi juu ya makaa, maana yeye hauzi kahawa ya jana. Na kwa benchi walikuwa wale watatu wa kila siku. Wa kwanza Kamande, anaitwa Jenereta, fundi wa sola wa dispensari. Alikuja Turkana miaka kumi na nane iliyopita na spana moja mfukoni, na leo ukimsikiliza utadhani hata jua ni yeye alilipandisha huko juu akalifunga na nati. Wa pili Mading, anaitwa Busta sababu ya urefu, akisimama simu za majirani zinashika netiweki. Yeye huuza chaja na kuweka nyimbo kwa memori kadi, na kila mtu humwita "ya zol", yaani bwana. Wa tatu Ekai, anaitwa Sangara, mleta samaki kavu kutoka Ferguson's Gulf kule ziwani, mtu ambaye harufu yake hufika, ikasalimia, ikakaa, ndiyo yeye anatokea.

Siku hiyo hata salamu hazikukamilika. Nyuma ya ukuta kitu kilikuwa kinanguruma.

Sangara: Ejok. Hiyo ni nini inalia hivyo?

Jenereta: Hiyo ni betri yangu ikiliwa.

Sangara: Inaliwa na nani?

Jenereta: Na yule msichana wa seva. Amejifungia tangu saa mbili asubuhi. Dirisha amefunga, mlango amefunga, na mashini inanguruma kama lori imeshikwa na mchanga.

Basi ujue mambo yalivyokuwa. Dispensari ilikuwa na kompyuta moja isiyolala, wanaiita seva, na ndani yake kuna majina ya akina mama wote na watoto wote, na sindano zao zote za chanjo. Anayeitunza ni Nyakim, msichana wa kambi ya wakimbizi, alisoma kompyuta hapo hapo kambini. Alipewa miezi mitatu ya kujaribiwa, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mkubwa wa dispensari, Madam Sellah, alikuwa ameenda mkutano Lodwar alfajiri, na kabla apande gari alimwita Jenereta pembeni. Akamwambia maneno mawili. La kwanza: ukiona kitu hakieleweki, zima stima ya hicho chumba. La pili: nitakupigia simu, na utaniambia kama huyu msichana abaki na ufunguo wa chumba cha seva au nimpe mtu mwingine. Jenereta alikuwa amebeba maneno hayo mawili tangu asubuhi kama mtu aliyebeba mayai mdomoni.

Jenereta: Nyinyi mnadhani naota. Nimesikia na hii masikio yangu. Asubuhi kabla afunge, nilikuwa naosha paneli hapo juu ya dirisha, yeye anaongea kwa simu na yule Mkongomani wa Kalobeyei walisoma pamoja, yule hana Kiingereza hata cha kuombea maji. Kwa hivyo ilikuwa Kiswahili tupu, neno kwa neno. Akamwambia: "Mimi sitapakua. Najenga mwenyewe."

Busta: Anajenga?

Jenereta: Anajenga! Miezi tatu kazini. Mimi miaka kumi na nane nimejenga choo, na choo yenyewe haina mlango.

Sangara: Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Busta: Na hiyo inaingia wapi?

Sangara: Si anajenga? Basi kuna ufa mahali. Tafuteni ufa.

Jenereta: Ngojeni, sijamaliza. Akasema, "Natoa yote kwa sosi kodi."

Sangara: Kodi?

Jenereta: Kodi. Mtu anajenga, halafu kodi. Hata mtoto wa nasari anajua hiyo ni nini. Nyumba za kupangisha!

Busta: Na hiyo sosi ni ya nini?

Jenereta: Ya hoteli. Chini hoteli, juu wapangaji. Gorofa hiyo! Mwisho akasema, nakula kiapo, "Shida yangu ni tegemezi. Iko na tegemezi arobaini."

Hapo hata Mama Jabana aliacha kutikisa kikaango.

Sangara: Watu arobaini wanamtegemea? Huyo mtoto?

Busta: Mimi niko nao saba, ya zol, na ndiyo unaniona nimekonda hivi.

Jenereta: Na akamalizia, "Maktaba moja imekosa."

Sangara: Imeibwa!

Busta: Maktaba inaibwaje?

Sangara: Na lori. Jumanne niliona lori imefunikwa turubai, inaenda upande wa Lokichoggio pole pole. Gari iliyobeba mbuzi haiendi pole pole. Hiyo ilibeba vitabu. Vitabu ni nzito.

Busta aliweka kikombe chini kwa heshima, kama mtu anataka kuomba kabla ya chakula. Yeye kwa sababu anauza memori kadi hujihesabu daktari wa kompyuta zote kutoka Kakuma mpaka Juba. Kwa kawaida akieleza kitu unatoka hapo hujui hata kile ulichokuja unajua. Lakini siku hiyo alikuwa ameamka vizuri.

Busta: Khalas. Nyinyi wote ni mbuzi. Hiyo si nyumba, hiyo ni maneno ya kompyuta. Ukitaka programu kwa mashini, iko njia mbili. Ya kwanza, unapakua paketi. Mtu huko mbali ametengeneza, imeiva, wewe unaweka tu. Dakika mbili inafanya kazi. Kama chapati ya hoteli.

Jenereta: Na ya pili?

Busta: Ya pili, hupewi chapati. Unapewa karatasi imeandikwa vile chapati inapikwa. Hiyo karatasi ndiyo sosi kodi. Mashini yako inasoma yote, mstari kwa mstari, inajipikia yenyewe. Inaweza kumaliza siku mzima, na inapiga kelele. Ndiyo hiyo mnasikia.

Sangara: Na tegemezi arobaini?

Busta: Vitu inataka kwanza kabla ijengwe. Chapati inataka unga, unga inataka kinu, kinu inataka dizeli.

Sangara: Na maktaba?

Busta: Hiyo pia ni kitu cha humo ndani. Hakuna lori.

Sangara alihuzunika. Lori yake alikuwa ameipenda.

Jenereta naye alifikiri. Mtu mwingine angeshukuru kuambiwa hakuna gorofa, hakuna wizi. Lakini Jenereta shaka yake ilikuwa kama moto wa makaa ya mkwaju: ukimwaga maji juu, unafoka.

Jenereta: Basi hiyo ni mbaya zaidi.

Busta: Mbaya kivipi?

Jenereta: Niambie. Chapati iko mezani, moto, dakika mbili. Mtu mzima anaacha hiyo, anaenda kulima ngano? Huyo ama ni mwenda wazimu, ama ana siri. Na huyo si mwenda wazimu, mimi najua, maana hunisalimia kila siku "Mzee Kamande" na adabu yake.

Sangara: Adabu ya mchana.

Jenereta: Sikiliza neno lenyewe. Kupakua. Kupakua ni nini? Sufuria imeiva, kila mtu anachota. Sasa mtu anakataa kupakua kwa sufuria ya watu wote, anapika yake pembeni, na mlango amefunga. Kwenu mtu kama huyo anaitwa nani?

Sangara: Mchawi.

Jenereta: Mimi sikusema. Umesema wewe.

Lakini Sangara ni mtu wa samaki, na mtu wa samaki hawezi kukaa upande mmoja kwa muda mrefu. Alijikuna shingo, akageuka.

Sangara: Lakini hata hiyo ya tayari, mimi siamini. Zamani nikianza hii kazi nilinunua magunia kumi kutoka kwa mtu Kalokol. Gunia imeshonwa vizuri, imepigwa muhuri, safi kama sare ya askari. Nikafika hapa, nikafungua ya kwanza. Juu samaki, chini samaki, katikati mawe. Mawe ya ziwa! Yamepangwa kwa mkono wa binadamu!

Busta: Ulifanya nini?

Sangara: Nilinyamaza. Mawe yenyewe ndiyo hayo umekalia.

Busta aliinuka kidogo, akaangalia chini ya benchi, akakaa tena.

Sangara: Kitu imeshonwa na mtu mwingine, wewe hujui katikati kuna nini. Na hizo paketi za kompyuta si zinatoka mbali kuliko Kalokol? Ndani kuna sikio. Kule Katilu mtu alipakua kitu ya kuangalia mvua kwa simu. Wiki moja tu, watu wa kura wakaja wanajua ngamia zake ni ngapi, na ile moja inachechemea.

Busta: Hiyo waliona na macho. Ngamia haifichiki.

Sangara: Waliona kwa paketi!

Mama Jabana alimwaga kahawa iliyoiva kwa kinu chake, akaanza kutwanga. Yeye haongei sana, lakini akiongea huwa anaangalia kinu, si mtu.

Mama Jabana: Mimi nikikaanga mbele yenu, mnasema moshi. Mnasema tumechelewa. Siku ile moja nilileta ya chupa kutoka nyumbani, mkaniuliza, Nyachuol, umeweka nini humu?

Jenereta: Hiyo ya chupa ilikuwa na ladha ya sabuni.

Mama Jabana: Chupa nilikuwa nimeosha. Ndiyo kosa yangu.

Wakacheka, lakini kidogo, maana mngurumo ulipanda juu kidogo, kama gari ikibadilisha gia. Jenereta alisimama akachungulia boksi ya sola ukutani. Taa ya kijani ilikuwa imekuwa ya njano.

Jenereta: Mnaona? Njano! Na friji ya chanjo inakunywa kwa betri hizo hizo. Na Madam aliniambia, kitu kisipoeleweka, nizime.

Busta: Na jua yote hii? Paneli si inajaza?

Jenereta: Jua ni yangu, usinifundishe jua.

Busta: Basi nikwambie kitu mimi naogopa. Niliona kwa video. Mashini ikijifunza kujijenga kutoka kwa karatasi, siku moja inajenga ingine bila kuambiwa. Leo seva moja. Pasaka mbili. Krismasi ziko sita, na zinataka chumba.

Sangara: Zinazaa?

Busta: Kama mbuzi. Lakini bila dume.

Sangara: Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana tembo siku hizi hawaogopi watu.

Hakuna mtu alimuuliza hiyo inaingia wapi.  Jenereta alikaa, akashika kikombe na mikono miwili. Kile kilichokuwa chini kabisa ya roho yake, chini ya gorofa na chini ya uchawi, sasa kilikuwa kinapanda juu, na alijua hata akikimeza kitarudi.

Jenereta: Jumatatu aliniuliza swali.

Busta: Nani?

Jenereta: Nyakim. Alikuja na daftari. "Mzee Kamande, betri ikishuka wewe unajuaje?" Mimi nikamwambia yote. Vile naangalia taa. Vile nashika betri na kiganja nasikia joto. Vile nanusa, maana betri mbovu iko na harufu kama yai. Miaka kumi na nane nilimpa kwa kikombe kimoja cha chai. Na yeye aliandika. Kila kitu aliandika.

Sangara: Na sasa?

Jenereta: Na sasa anajenga. Hamuoni? Anajenga mimi. Anajenga Kamande ya ndani ya mashini, haili, haiumwi, haikai kwa benchi kunywa kahawa. Kesho Madam ataniambia, Kamande, asante, rudi kwenu. Na kwenu ni wapi? Hata mama yangu akiniona ataniuliza mimi ni wa nyumba gani.

 Busta alijaribu kusema programu hiyo ni ya kadi za watoto tu, haijui kunusa, lakini alisema polepole, kama mtu asiye na uhakika. Sangara alimshika Jenereta bega.

Sangara: Zima.

Busta: Ya zol, tungojee kidogo...

Sangara: Zima! Madam alisema nini? Kitu ambacho hakieleweki, zima. Wewe unaelewa? Mimi sielewi. Busta anaelewa nusu. Nusu si kuelewa. Tupige kura. Penye wengi hapaharibiki neno.

Mikono miwili ilipanda. Wa Busta ulifika kifuani ukakwama hapo, lakini kwa urefu wake kifua ni juu ya vichwa vya wengine, ukahesabiwa. Mama Jabana hakuulizwa.

Jenereta aliinuka. Kutoka benchi mpaka swichi ni hatua kumi, lakini alizitembea kama mtu anapeleka jeneza. Alifungua kifuniko cha boksi. Kulikuwa na swichi tatu, moja ya taa, moja ya friji, moja ya seva. Aliweka kidole kwa ya tatu. Ilikuwa moto.

Wakati huo huo kukaja mwanamke mzee kutoka upande wa laga, ule mto mkavu, shanga mpaka kidevuni, mtoto mgongoni amelala, miguu yake nyeupe kwa vumbi. Jina lake Namuria. Alisimama karibu na Jenereta akajipepea na mkono.

Namuria: Ejok.

Jenereta: Ejok, mama.

Namuria: Chanjo iko leo?

Jenereta: Iko. Lakini ngoja kidogo, nazima mashini.

Namuria: Mashini ya nini?

Jenereta: Ya majina.

Namuria: Kadi ya huyu mtoto ilikuliwa na mbuzi. Nilikuja kulia hapa. Nesi akaniambia usilie mama, jina lake liko kwa mashini, na sindano zake zote ziko hapo.

Jenereta: Ziko.

Namuria: Sasa wewe ukizima, jina la mtoto linakuwa wapi?

Jenereta alifungua mdomo. Huyu ni mtu aliyewahi kueleza watu kwa nini maji ya ziwa ni kijani, kwa nini ngamia hana haraka, na kwa nini mvua ya Lodwar huogopa kufika Kakuma. Jibu lilikuwa linakuja kwake kabla ya swali. Sasa alifungua mdomo na ndani hakukuwa na kitu. Aligeuka kwa benchi. Busta alikuwa anaangalia ndani ya kikombe kana kwamba ameangusha kitu humo. Sangara alikuwa anahesabu vidole vyake mwenyewe. Mama Jabana peke yake ndiye alikuwa anamwangalia, kinu kimetulia, na yeye pia alikuwa anangoja.

Simu ya Jenereta ikalia. Alijibu na mkono wa kushoto, kidole cha kulia bado kiko kwa swichi. Sauti ya Madam Sellah hutoka kwa simu kama imewekwa spika, kila mtu husikia.

Sellah: Kamande, tuko kwa mapumziko, sema haraka. Huyu msichana vipi? Abaki na ufunguo au asibaki?

Jenereta: Madam, mimi sijui.



Sellah: Wewe ni nani? Nipatie Kamande.

Jenereta: Ni mimi Kamande. Sijui anajenga nini. Sijui kwa nini alikataa ya tayari. Nimekaa hapa tangu asubuhi naongea juu yake na sijamuuliza. Ngoja, ongea na yeye.

Alitoa kidole kwa swichi. Alienda kwa mlango, akagonga, na mlango ulifunguka mara moja, kama mtu alikuwa amesimama nyuma yake. Joto lilitoka humo kama la tanuri. Nyakim alikuwa amelowa jasho mpaka kitambaa cha kichwa, na mkononi ameshika ufunguo, amekwisha kuuvua shingoni, tayari kuurudisha. Alikuwa ameona kidole cha mzee kwa swichi kupitia ufa wa dirisha.

 Jenereta alimpa simu.

Nyakim: Halo, Madam... Ndiyo, ni mimi... Hapana, iko ya tayari. Paketi ya programu ya kadi iko, lakini ya aina ya mashini yetu ni moja tu, mtu aliiweka huko mtandaoni. Nimemtafuta siku tatu. Hana jina, hana sahihi, hakuna mtu anamjua... Ningeweka, ndiyo, ingekuwa dakika mbili. Lakini Madam, hapa kuna majina ya watoto elfu tatu. Siwezi kuyaweka kwa mkono wa mtu hana jina... Jana usiku nilitoa kopi ya majina yote, iko kwa diski, diski iko kwa kabati ya dawa... Saa kumi na moja itakuwa imekwisha. Kama betri itakubali.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Benchi yote ilisikiliza pia, lakini hapo Madam alikuwa ameshusha sauti, na shingo zilinyooshwa bure. Mwishowe Nyakim alisema, "Asante, Madam," akarudisha simu, akavaa ufunguo shingoni tena, akauingiza ndani ya blauzi.

Kisha alimwona yule mwanamke mzee.

Nyakim: Mama, mtoto anaitwa nani?

Namuria: Akiru.

Nyakim: Akiru yuko. Kaa hapo kwa kivuli, saa kumi na moja nitakuonyesha jina lake.

Namuria alikaa kwa benchi, katikati ya Busta na Sangara, na wao wakasonga bila kuambiwa. Mama Jabana alimmiminia kikombe. Jenereta bado alikuwa amesimama mlangoni, hajui mikono yake aiweke wapi. Nyakim alishika mlango, lakini hakufunga.

Nyakim: Mzee Kamande, hii mashini haijui kitu kuhusu betri, na mimi pia yale niliandika siyaelewi yote. Itafika saa kumi na moja?

Jenereta alivuta hewa kifua chote, tayari kusema kwa jua hii na kwa fundi huyu itafika hata Krismasi. Halafu akaangalia taa ya njano, akapandisha mikono ya shati.

"Ngoja kwanza nikazishike," akasema, na akazunguka nyuma ya nyumba, mahali betri zilipo.